Jibu ni Sabini na Tano

Kufika saa nne asubuhi Sudama Rajwar alikuwa ameshaeleza mara kumi na tisa kwamba jibu ni sabini na tano, na mara zote kumi na tisa mwanafunzi aliyesimama mbele ya dirisha lake aliitikia kwa adabu, akafunga daftari, akalifungua tena, akauliza: "Sawa, mwalimu. Sasa mia inapatikanaje?"

Wa ishirini alikuwa kijana mrefu kutoka Motihari, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Haipatikani," Sudama alisema. "Mia si jibu."

"Lakini karatasi ya majibu inasema C. C ni mia."

"Karatasi imekosea."

Kijana akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetaniwa na mkubwa wake asijue kama ana ruhusa ya kucheka. "Mwalimu, hata mimi nilipata sabini na tano. Nikajua nimekosea. Nikafuta, nikaweka mia, nikapewa maksi zangu nne. Nataka tu nijue ile mia niliipataje."

Sudama aliweka kalamu chini taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu ambacho angependa kukirusha. "Ulipata jibu la kweli, ukalifuta."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa mkono wako."

"Muda ulikuwa umebaki kidogo," kijana alijitetea.

Dirisha la maswali la kituo cha tuisheni cha Guruji Bidyanand lilikuwa tundu la futi mbili kwa mbili, kando ya mapipa ya maji, katika kichochoro cha mtaa wa Musallahpur ambako hakuna ukuta hata mmoja uliobaki bila sura ya mwalimu. Patna nzima ilikuwa hivyo. Mgeni angedhani ni mji wa watu wanaogombea ubunge, kumbe ni watu wanaouza njia za mkato za fizikia. Wanafunzi elfu mbili na mia nane walifanya mtihani hapo kila Jumapili, kila jibu sahihi alama nne, kila kosa unanyang'anywa moja. Jumatatu majina yalibandikwa kwa mpangilio, na kila mtu akakaa darasani kulingana na namba yake: wa mbele mbele, wa nyuma nyuma, na wa nyuma kabisa wakimsikia Guruji kwa kipaza sauti bila kumwona.

Swali lenyewe lilikuwa la ngazi. Ngazi ya chuma ya mita tano, uzito nyutoni mia mbili, imeegemea ukuta laini usioshika kitu. Mguu wake uko mita tatu kutoka ukutani, kichwa chake mita nne juu. Sakafu ina msuguano wa nusu, maana yake ikibanwa mpaka mwisho wa uwezo wake itashika nusu ya uzito unaoilalia, yaani nyutoni mia. Ngazi imetulia. Msuguano ni kiasi gani?

Imetulia. Neno limeandikwa pale, kwa wino mweusi, mtu mwenye macho alione. Ngazi iliyotulia haitumii nguvu zote za sakafu. Inaomba inachohitaji, na sakafu inatoa inachoombwa, basi. Ukichora picha, ukapima uzito unavyotaka kuiangusha na ukuta unavyoizuia, utaona ngazi inaomba sabini na tano tu. Inayobaki ni akiba. Mtu anayeweza kubeba gunia la kilo mia, ukimpa kikapu cha vitunguu, hakibebi kwa nguvu za gunia. Sudama alikuwa amelitoa gunia hilo mara kumi na tisa tangu asubuhi, na sasa lilikuwa linamuuma mgongo yeye.

Lakini elfu mbili na mia nane hao hawakuchora picha. Walikuwa na wimbo. Guruji aliutunga mwenyewe, na darasa zima liliuimba kwa kupiga madawati:

*Ukiona ngazi, kuchora ni kuchelewa;*
*zidisha kwa uzito, jibu umeletewa.*

Msuguano nusu, uzito mia mbili: mia moja. Sekunde sita. Swali linalofuata.

"Nenda," Sudama alimwambia kijana wa Motihari. "Nenda kwa amani. Mwingine."

Mwingine alikuwa msichana mfupi, shali ya pamba kichwani, bila daftari. Lalmuni Kumari, kutoka kijiji kimoja cha Arwal. Sudama alimfahamu kwa sababu ni mmoja wa wachache waliokuja dirishani wakiwa wamechora.

"Na wewe unataka mia?"

"Sitaki mia, mwalimu. Nataka daftari la malalamiko."

Sudama akamtazama vizuri. "Umepata ngapi?"

"Ni wa thelathini na moja. Wa thelathini amenizidi maksi tatu."

Hapo hakuhitaji kuelezwa zaidi. Thelathini wa kwanza wa mwezi ule walikuwa wanaingia Darasa la Thelathini: masomo bure, bweni bure, chakula bure, mwezi kwa mwezi mpaka siku ya mtihani wa taifa, mradi usishuke kwenye orodha. Wa thelathini na moja alikuwa sawa na wa elfu mbili na mia nane, anapewa ankara. Lalmuni aliandika sabini na tano na hakufuta. Wangemrudishia ile moja waliyomnyang'anya na kumpa nne zake, angempita wa thelathini kwa alama mbili.

"Baba anakuja kesho kwa treni ya Gaya," alisema. "Nilimwahidi: nikiingia, anarudi peke yake. Nisipoingia, tunarudi pamoja na sanduku."

"Orodha inapigwa muhuri lini?"

"Kesho saa kumi."

Sudama akafunga dirisha. Nyuma yake foleni ikaguna.

*

Mtu anayetaka kumwelewa Sudama lazima ajue kwamba alikuwa hasahau. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na hakuwahi kukaa chuo chochote. Ujanani alikuwa akipaka nyumba za watu chokaa, na fizikia aliisoma kwenye vitabu vya mitumba vya barabara ya Ashok Rajpath, amesimama, mpaka muuza vitabu amfukuze. Akiwa na miaka kumi na tisa alikosa nafasi ya chuo cha ufundi kwa alama moja, kwa swali la kapi ambalo majibu yake yalikosewa, na karatasi hiyo bado anayo. Aliandika barua kumi na moja. Alijibiwa moja, baada ya miaka saba, ikimtaka athibitishe kwamba bado ndiye yeye.

Kwa hiyo alipoingia ofisini na Lalmuni nyuma yake, alikuwa ameshakasirika kabla hajaambiwa lolote.

Meneja wa kituo, Tripurari, alikuwa anatafuna tambuu, na alizungumza akiwa ameinua kidevu ili mate mekundu yasimwagike. Daftari la malalamiko lilikuwa mezani pake, limefungwa mguuni mwa meza kwa mnyororo wa baiskeli.

"Daftari si hili hapa?" alisema. "Nani kawakataza? Miaka tisa liko hapa. Fungua uone, Bwana Sudama. Safi. Hakuna hata nukta. Ndiyo maana tumeandika kwenye mabango: miaka tisa bila lalamiko moja."

"Basi mpe kalamu binti aandike la kwanza."

"Ataandika. Kwanza ajaze fomu ya kuomba kuandika. Fomu inasainiwa na Guruji. Guruji yuko Ranchi."

"Anarudi lini?"

"Kesho."

"Saa ngapi?"

"Akifika."

Lalmuni akasema, kwa sauti ndogo, "Mheshimiwa, swali limesema ngazi imetulia."

Tripurari akamgeukia kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Binti yangu. Watoto elfu mbili na mia sita wameandika mia. Wote wajinga, wewe peke yako una akili? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tena mabango yameshachapwa. Sura thelathini, za rangi. Unataka nikabandue sura ya mtoto wa watu nibandike yako?"

"Sitaki sura," Lalmuni alisema. "Nataka nafasi."

"Sasa hizo si kitu kimoja?"

Sudama alichukua karatasi kutoka mezani, akachora ngazi, ukuta na mishale yote minne, akaandika hesabu mistari mitatu, akaisukuma mbele ya meneja. Tripurari akaitazama kwa muda mrefu kiasi cha kutia moyo. Kisha akaikunja mara mbili, akatemea tambuu ndani yake, akaitupa kwenye ndoo.

"Mchoro mzuri," alisema. "Lakini unachukua muda."

*

Kesho yake saa sita baba wa Lalmuni alikuwa tayari ameshafika. Bisundeo alikuwa mtu mwembamba, mikono yake imeliwa na saruji. Alilikuta sanduku la bati la binti yake limeshatolewa bwenini na kuwekwa getini, akaketi juu yake kama mtu aliyepewa kiti.

"Tunaenda au hatuendi?" aliuliza.

"Bado, baba."

"Treni ya kurudi ni saa kumi na moja."

"Najua."

"Nauliza tu," Bisundeo alisema, akatoa mkate wa litti kwenye kitambaa, akaanza kula.

Sudama alikuwa anatembea huku na huko mbele ya geti na barua mkononi, barua ya kurasa tano aliyoianza usiku. Ilianza na swali la kapi la ujana wake na ilikuwa haijafika kwenye ngazi. Lalmuni aliisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akairudisha.

"Mwalimu, hii ataisoma nani?"

"Guruji."

"Kabla ya saa kumi?"

Kilichojibu ni kishindo. Nagina, mtundika mabango, alikuwa amebwaga ngazi yake ya chuma ukutani, juu ya bango jipya la plastiki lenye sura ya Guruji kubwa kama mlango wa gereji na sura ndogo thelathini chini yake.

Lalmuni akaitazama ile ngazi. Akaitazama juu, akaitazama chini.

"Mjomba Nagina, ngazi yako ina urefu gani?"

"Mita tano kasoro kiganja. Kwani unataka kupanda?"

"Nataka kuipima uzito."

"Hiyo ni ngazi, si mbuzi."

"Tuazime mizani ya yule mnunua vyuma chakavu," Lalmuni alimwambia Sudama. "Na kile kigari cha kubebea mitungi ya maji. Mguu wa ngazi tuuweke juu ya magurudumu, sakafu isishike kitu. Halafu tuufunge kwa kamba mpaka ile ndoano chini ya ukuta, mizani iwe katikati ya kamba. Kamba ifanye kazi ya sakafu. Tuone ngazi inaomba ngapi."

Sudama alisimama na barua yake ya kurasa tano. Miaka ishirini na minane amekuwa akigombana na karatasi kwa karatasi, na ngazi ziko kila kichochoro. Alijisikia mjinga, na ujinga huo, kama kila kitu kingine, ulimtia hasira.

"Nagina," alisema, "tupe ngazi."

"Kaka Sudama, nina mabango arobaini."

"Nilikupakia nyumba yako chokaa mwaka wa mafuriko. Sikukutoza."

"Hilo bado unalikumbuka?"

"Na doa ulilolalamikia nalikumbuka."

Ngazi ilitundikwa kwenye mizani, Nagina na Sudama wakiiinua kwa mti kama wabeba machela. Kilo kumi na sita. Sudama akaandika ukutani kwa chaki, herufi kubwa: KITUO KINASEMA NUSU: KILO NANE. HESABU INASEMA: KILO SITA. Wanafunzi waliotoka darasa la saa saba wakaanza kusimama. Kisha wa ghorofa ya pili wakaegemea ukingoni. Yule wa Motihari alikuja mbele kabisa na daftari wazi.

Ilibaki ukuta. Ukuta wa swali ni laini usioshika kitu, na wa Musallahpur ni wa matofali yenye meno. "Bango," Lalmuni alisema. Muuza pakora za kukaanga wa pembeni alitoa kikombe cha mafuta ya haradali, na Nagina, huku akiomba radhi kwa mikono miwili, akampaka Guruji mafuta kuanzia masharubu hadi paji la uso.

Walipima mita tatu kwa kamba yenye mafundo, wakasukuma kigari mpaka pale, Nagina akiishikilia ngazi. Bisundeo, aliyekuwa ametulia juu ya sanduku wakati wote huo, akainuka. Akasimama vidole vya miguu vikigusa mguu wa ngazi, akanyoosha mikono mbele kutafuta kipandio, kama wajenzi wanavyofanya kabla ya kupanda. Mikono ikakosa hewani.

"Nani kaweka ngazi hivi?" aliuliza. "Mguu uko mbali mno. Mimi ukiniwekea hivi sipandi. Hii si ngazi, ni mtego."

"Ni ya kwenye mtihani, baba."

"Basi aliyetunga mtihani hajawahi kupanda."

Wanafunzi wakacheka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili Sudama akahisi kifua kimepungua uzito. Nagina akaiachia ngazi. Ngazi ikateleza kidogo usoni pa Guruji, ikakaa shavuni. Kigari kikasogea nyuma, kamba ikakaza, mshale wa mizani ukaruka hadi saba, ukarudi tano, ukatetemeka, ukasimama.

Sita.

Kijana wa Motihari akainua mkono, kwa mazoea. "Mwalimu," alisema, "hiyo sita inapatikanaje?"

"Kwa kuchora," Sudama alisema. "Kwa kuchora, mtoto wa watu. Kwa kuchora."

*

Gari jeupe la Guruji Bidyanand liliingia saa tisa na robo. Alishuka akiwa na shali begani, wanafunzi wa karibu wakainama kumgusa miguu kwa heshima, naye akawapita kama mtu anayepita kwenye maji ya kina kifupi. Alifika mbele ya bango. Akajitazama: amepakwa mafuta, ngazi shavuni. Akasoma chaki. Akainama akasoma mizani. Hakuwa mjinga, hilo ndilo lililokuwa likimwumiza Sudama zaidi ya yote.

"Bidya," Sudama alisema polepole, kwa jina ambalo hakuna aliyelitumia tena. "Ulikuwa unafundisha kwenye kibanda cha mabati. Wanafunzi tisa. Ulikuwa ukiwakataza kuandika hesabu yoyote kabla ya kuchora. Nilikuja kufanya kazi kwako kwa ajili ya neno hilo moja."

"Nakumbuka, Sudama."

"Unajua ni sabini na tano."

"Nilijua tangu Jumapili jioni." Guruji alizungumza bila kusogeza midomo, akitabasamu kwa ajili ya ghorofa ya pili. "Ulitaka nifanye nini? Mtihani wa taifa una swali moja kila dakika mbili. Mchoraji anamaliza nusu ya karatasi. Mwimbaji anamaliza yote, anakosa machache, anaingia. Wazazi wananilipa aingie. Hawanilipi aelewe."

"Na yeye?" Sudama akamwonyesha Lalmuni, aliyesimama kando ya sanduku la bati, mkono wa baba yake begani mwake.

Guruji alimtazama msichana, akaitazama saa yake, akawatazama wale mia tano waliokuwa wakimtazama. Kisha akainua mkono, na kichochoro kikanyamaza.

"Wanangu," alisema kwa ile sauti ya kipaza sauti, ingawa kipaza sauti hakikuwepo. "Mmeona. Mzee mmoja hapa, nimeambiwa kwa simu, amelipatia jambo hili jina lake. Mtego. Naam. Swali la ngazi lilikuwa mtego. Niliweka jibu la uongo kwa makusudi, nijue katika elfu mbili na mia nane ni nani aliye macho. Nimempata mmoja."

Makofi yaliyopigwa hapo yalisikika hadi kwa wauza samaki.

Sudama alifungua mdomo. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa kwenye kurasa tano mfukoni, na hayo yalikuwa bado kwenye kapi.

Aliyeandika mia, Guruji akatangaza, alama zake zisiguswe, kwa kuwa mwanafunzi mtiifu haadhibiwi. Aliyeandika sabini na tano apewe nne. Orodha ikapigwa muhuri saa kumi kamili, na Lalmuni Kumari akawa wa ishirini na tisa. Hakuna aliyetolewa, maana sura zilikuwa zimeshachapwa: Darasa la Thelathini likawa na watu thelathini na mmoja, na bango likabaki na thelathini. Tripurari alikuja kumwita msichana aende mbele kumgusa Guruji miguu mbele ya mpiga picha. Lalmuni alienda, akainama nusu, akainuka.

"Tunaenda au hatuendi?" Bisundeo aliuliza.

"Wewe nenda, baba. Mimi nabaki."

Mzee akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Akalibeba sanduku mwenyewe hadi mlango wa bweni, akaliweka chini, akalifuta vumbi kwa kitambaa cha litti. Kabla ya kuondoka alimshika Sudama mkono.

"Asante, mwalimu. Lakini waambie wasiweke ngazi hivyo. Mtu ataanguka."

*

Jumapili iliyofuata kulikuwa na swali la ngazi tena. Safari hii ya mita kumi na tatu, uzito nyutoni mia mbili na arobaini, mguu mita tano kutoka ukutani, kichwa mita kumi na mbili juu. Imetulia. Msuguano ni kiasi gani?

Kufika saa nne ya Jumatatu Sudama alikuwa ameshaeleza mara ishirini na tatu kwamba jibu ni hamsini.

"Sawa, mwalimu," alisema kijana wa Motihari. "Sasa tisini inapatikanaje?"

Sudama alifumba macho. "Tisini ya nani?"

"Ya karatasi ya majibu. Guruji katupa wimbo mpya." Akauimba kwa sauti ya chini, akigonga fremu ya dirisha kwa kidole:

*Ukiona ngazi, kuchora ni kuchelewa;*
*tatu kwa nane ya uzito, jibu umeletewa.*

"Tatu kwa nane ni ya ngazi ile," Sudama alisema. "Ile tu. Kwa sababu ya mguu ulipokuwa. Mguu umesogezwa. Mguu umesogezwa, wewe mtoto."

"Lakini wiki iliyopita wewe mwenyewe ulitupimia kwa mizani. Kumi na sita, ikatoka sita. Nimejaribu kwenye simu: ni tatu kwa nane."

Palikuwa na dakika ambayo Sudama Rajwar hakuwa na hasira, na ilikuwa dakika mbaya kuliko zote. Akamruhusu kijana aende. Akaita mwingine bila kuinua macho.

"Nimeandika hamsini," mwingine alisema.

Alikuwa Lalmuni, shali ileile, beji mpya ya Darasa la Thelathini kifuani.

"Umeandika sawa."

"Wamenikata moja. Si kitu, bado niko ndani mwezi huu. Lakini nataka daftari la malalamiko."

"Binti." Sudama akainama hadi uso wake ukajaa tundu la dirisha. "Nisikilize. Umeshapata nafasi. Baba yako amerudi na moyo mweupe. Orodha inapangwa upya mwishoni mwa mwezi, na wanaoipanga ni walewale. Safari hii nyamaza. Andika wanachotaka, ingia chuo, halafu..."

Alisikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa ya upole, na alipata kuisikia pahali. Ilikosa tambuu tu.

Lalmuni alikuwa anamtazama kama baba yake alivyoitazama ile ngazi kabla ya kunyoosha mikono.

"Fomu ya kuomba kuandika nimeshaijaza," alisema. "Guruji kasaini asubuhi. Alikuwa na haraka, alidhani ni ya bweni."

Sudama alifunga dirisha. Foleni ikaguna. Walivuka ua, wakapita bango, ambalo mafuta yalikuwa yameshika vumbi na kumwotesha Guruji ndevu, wakaingia ofisini. Tripurari aliiona saini, akainua kidevu, akatafuta la kusema, na tambuu ikamzidi. Ikabidi atoke nje kutema. Daftari lilibaki mezani na mnyororo wake. Lalmuni akalifungua ukurasa wa kwanza, karatasi iliyogeuka njano kwa miaka tisa ya kutoguswa, akachora ukuta, akachora ngazi, akaanza kuweka mishale.

"Hiyo ni nini?" Sudama alisema.

"Penseli."

"Miaka ishirini na minane najua ya penseli yanavyofutwa." Akatoa kalamu yake mfukoni, akaifungua kifuniko. "Rudia kwa wino."

Lalmuni akarudia kwa wino.